Paka Hafariki

Kila asubuhi ilipokaribia saa nne, Mzee Hezron Lyamba aliacha kazi zote za ghala, akanawa mikono, akafuta kipaza sauti cha simu ya upepo kwa leso safi, kisha akakohoa pembeni ili sauti itoke nzito. Ghala hilo la ushirika lilikuwa Mpanda mjini, si mbali na stesheni ya reli, na yeye alikuwa mtunzaji wake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kazi ya simu ya upepo aliongezewa baadaye, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wenzake. Alikipata shule ya jioni, akiwa mtu mzima mwenye watoto, na alikivaa kama wengine wanavyovaa koti la Jumapili.

Juu ya sanduku la simu, palipokuwa na joto, alilala Karani. Huyo alikuwa paka wa kijivu mwenye mstari mweupe shingoni, kama kola ya shati.

Kila kituo cha ushirika wilayani kilikuwa na ghala. Kila ghala lilikuwa na panya, na kwa hiyo kila ghala lilikuwa na paka. Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, alikuwepo Cyriaque, aliyeletwa nchini akiwa mgongoni mwa mama yake na sasa alikuwa akipima tumbaku. Paka wake, mweupe pe, aliitwa Nyange. Karema, kando ya ziwa, alikuwepo Methusela na paka aliyeitwa Nahodha. Inyonga alikuwepo Hilari na Tarumbeta wake. Na Usevya, kule Mpimbwe kwenye mpunga, alikuwepo Fausta. Paka wa Fausta aliitwa Malkia.

Habari za kazi zikishakwisha, magunia yamefika wapi na lori limekwama wapi, mazungumzo yalihamia kwa paka. Siku moja meneja aliwanasa wakiulizana habari za nyumbani. Akawaonya kwamba chombo cha ushirika hakikuwekwa ili watu wapige soga na kuitana majina yao. Basi wakayaacha majina yao. Tangu siku hiyo wakaitana kwa majina ya paka. Hezron akawa Karani, Cyriaque akawa Nyange, Fausta akawa Malkia. Meneja akisikiliza, alisikia tu kwamba Karani ana mafua, na kwamba Malkia amepika kisamvu kikaungua. Akashindwa kujua amwadhibu nani.

Sauti ya Fausta ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka kuamka na hana haraka ya kwenda popote. Hezron hakuwahi kumwona. Alijua tu aliyoyasikia, kwamba alikuwa mjane kama yeye alivyokuwa mgane, kwamba aliimba kwaya ya kanisani sauti ya pili, kwamba mahindi ya kuchoma aliyapenda yakiwa yameungua upande mmoja, na kwamba Malkia alilala ndani ya ungo na ukimtoa ananuna mpaka jioni. Hayo aliyajua kama mtu anavyojua njia ya kwenda kwake. Lakini ukimuuliza kama Fausta ni mweusi au mweupe, mnene au mwembamba, alikuwa hana jibu.

Naye Fausta aliwahi kuuliza, akamaliza kwa ova, neno la kumpa mwenzako zamu ya kusema.

"Karani, hebu tuambie ukoje. Maana sauti yako ni ya mtu wa kuinama mlangoni. Ova."

Hezron alitazama miguu yake, ambayo pale kitini ilikuwa haijagusa sakafu sawasawa.

"Ni mrefu kiasi," akasema. "Kifua kipana. Ova."

"Kiasi gani? Ova," akadakia Cyriaque kutoka Katumba.

"Kiasi cha kutosha. Tuendelee na kazi. Ova."

Ni maneno machache, lakini yalimfunga. Mara mbili lori la ushirika lilikwenda Usevya likiwa na nafasi mbele kwa dereva, na mara mbili akapata kazi ya ghafla ya kuhesabu magunia ambayo hakuna aliyeagiza yahesabiwe.

Sikukuu yao, Siku ya Paka, ilianza mwaka tisini na sita, wakati wa kiangazi, mahindi yalipokuwa yameshaingia ghalani. Karani alimuua panya buku mkubwa karibu sawa naye, na Hezron akatangaza hewani kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Fausta akasema askari kama huyo hupewa karamu. Cyriaque akauliza kwa nini apewe mmoja, wakati Nyange naye anafanya kazi bila mshahara. Methusela akasema vichwa vya migebuka huko Karema vinatupwa, yeye atawatumia wote kwa malori. Wakakubaliana Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, saa nne, kila mtu ampe paka wake kichwa cha samaki, kila kituo kwa zamu kibonyeze kitufe na kukishikilia bila kusema kitu, ili wengine wasikie paka akila.

Ndivyo ilivyokuwa. Tangu ziwani mpaka Katumba, vyumba vya simu vya ushirika vilijaa sauti ya kutafuna. Nyange alikula kwa adabu. Nahodha alinguruma. Ilipofika zamu ya Inyonga, kukasikika mfupa ukivunjwa kwa nguvu, kisha mtu akapaliwa.

"Huyo si Tarumbeta," akasema Fausta. "Huyo anatafuna kama mwenye meno ya kubandika. Hilari, paka wako yuko wapi? Ova."

"Ametoroka tangu Jumatano," akasema Hilari. "Sikutaka kukosa sikukuu. Ova."

Walicheka mpaka betri ya Karema ikalegea. Mwisho ikaja zamu ya Usevya. Malkia hakusikika akila. Ilisikika pumzi ya Fausta tu, karibu kabisa na kipaza sauti, na njiwa wa darini kwake, na mbali mtu akitwanga. Fausta alishikilia kitufe muda mrefu. Hezron aliinamisha sikio mpaka likagusa sanduku. Siku hiyo aliporudi nyumbani alikaa nje akasahau kula.

Mwaka uliofuata wakaifanya tena, na safari hii Hezron aliahidi hewani, wenzake wakisikia, kwamba Siku ya Paka ijayo ataila Usevya.

"Tumekuandika," akasema Fausta. "Usije ukapata magunia ya kuhesabu. Ova."

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wa neno. Mtoto wa paka Nyange alikanyagwa na baiskeli, na Cyriaque akatangaza kwa huzuni kwamba amefariki. Hezron akabonyeza kitufe.

"Pole sana, Nyange. Ila sahihisho kidogo. Paka hafariki, paka anakufa. Wanaofariki ni watu. Ova."

"Asante, Mzee wangu. Amekufa. Ova."

"Hapana," akaingia Fausta. "Nani kaweka sheria hiyo? Ova."

"Lugha ndiyo iliyoweka. Ova."

"Lugha ilikuwepo wakati mwenzako analia? Anayelia ndiye atakayesema kafa au kafariki. Na mimi Malkia wangu siku akiondoka atafariki, utake usitake. Ova."

"Atakufa. Ova."

"Atafariki. Ova na auti."

Auti ni neno la kufunga mazungumzo. Fausta alikuwa akilitumia akikasirika tu. Siku nyingine alimwachia Hezron afunge.

Kisha zikaja mvua zile watu walizoziita El Nino. Zilianza mwisho wa mwaka tisini na saba zikapita mwaka mpya bila kupumzika. Reli ya Kaliua ilikatika ikaunganishwa ikakatika tena. Radi zilipokuwa zikipiga, waendesha simu walichomoa waya wa antena na kukaa kimya, na siku za mawingu betri hazikupata jua la kuzichaji. Siku nyingine Hezron aliita Usevya mpaka koo likakauka, akapata upepo mtupu.

Jumatatu moja, baada ya siku kadhaa za kimya, Usevya ikatokea. Sauti ilikuwa ya mwanamume.

"Karani, Karani, Usevya hapa. Ni Ponsian, mlinzi. Nimeambiwa nitoe taarifa. Malkia amefariki. Ova."

Hezron alikaa wima. Mkono ulitaka kubonyeza na kusahihisha kama kawaida. Halafu ukasita.

"Rudia neno la mwisho, Ponsian. Umesema amekufa au amefariki? Ova."

"Amefariki. Nimeambiwa niseme hivyo hivyo. Amefariki jana, na tuna..."

Radi ikalia upande wa kusini, na Usevya ikapotea. Hezron aliita, akaita tena. Cyriaque naye aliita kutoka Katumba, wakagongana hewani.

"Mzee wangu," akasema Cyriaque hatimaye, "labda ni paka. Ova."

"Paka hafariki," akasema Hezron. Hakusema ova. Aliweka kipaza sauti mezani, akamtazama Karani, na Karani akamtazama.

Mchana huohuo lori lilikuwa linaondoka kwenda kuchukua mpunga wa mwisho Usevya kabla barabara haijafungwa. Hezron aliomba ruhusa ya msiba. Ofisini wakamuuliza ni msiba wa nani, akajibu kwamba ni wa mtu wake. Alivaa koti, akafunga kitambaa cheusi mkononi, akachukua mfuko wa unga wa kupeleka kwa wafiwa. Kabla ya kutoka alirudi ndani akachukua tenga lenye kifuniko, lile la kubebea kuku. Alikuwa amewaza hivi: Fausta hana mtoto wa karibu, na wenye nyumba ya msiba hawakumbuki paka. Ikiwa hakumwona mwenyewe, walau atamchukua Malkia wake akae naye Mpanda.

Nafasi ya mbele ilikuwa imeshajaa, akapanda nyuma kwenye maturubai. Pembeni yake alikaa mama wa Kisukuma, jina lake Nyanzala, aliyekuwa anarudi kwa mumewe kwenye ng'ombe huko Mpimbwe. Alikuwa na jembe jipya na mdomo usiotulia.

"Shikamoo, baba. Tenga lako mbona halina kuku?"

"Marahaba. Si la kuku. Ni la paka."

"Unanunua paka Usevya? Mpanda wameisha?"

"Ni wa marehemu."

Nyanzala akaona kitambaa cheusi, akashusha sauti. "Pole, baba. Marehemu alikuwa ndugu?"

"Mwenzangu wa kazi."

"Mmefanya kazi pamoja siku nyingi?"

"Miaka."

"Basi unamjua vizuri."

"Hatujaonana," akasema Hezron.

Lori liliteleza, likakaa sawa. "Hamjaonana hata siku moja?"

"Hata moja."

"Na unakwenda kumzika."

"Ndiyo."

"Nyie watu wa mjini," akasema Nyanzala, na kwa mara ya kwanza tangu Mpanda akanyamaza. Baadaye akamega kiazi chake cha kuchemsha, akampa nusu bila kuuliza.

Sitalike mto Katuma ulikuwa umeshagusa mbao za daraja. Viboko walikuwa wamepanda ukingoni, maji yamewafukuza kwao wenyewe. Walivuka polepole, utingo akitangulia kwa miguu. Mbugani, kwenye udongo mweusi, walikwama. Wakashuka wakasukuma, Hezron naye na koti lake, mpaka jua likazama na dereva akakata shauri walale hapo hapo ndani ya maturubai. Hezron alijikunyata akiwa amekumbatia tenga. Hakupata usingizi, na si kwa baridi. Ilikuwa ni yale magunia. Mara mbili nafasi ilikuwepo mbele kwa dereva, naye akahesabu magunia. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya urefu wa mtu. Kama angekwenda, Fausta angecheka, na kucheka kwake kungekuwa kitu cha kukumbuka. Sasa kilichobaki ni mkwaruzo wa sauti, na hata huo alianza kuogopa kwamba atausahau.

Walifika Usevya asubuhi, mvua imekatika kidogo. Hezron hakuuliza njia. Antena ya ghala ilionekana juu ya migomba. Alitarajia kukuta watu wamekaa chini, moto, sufuria kubwa. Hakukuwa na kitu. Akajua wameshazika na wameshatawanyika. Kwenye baraza la ghala alikaa mama mmoja mfupi, mnene kiasi, kichwani kilemba cha kitenge kilichopauka, anashona gunia kwa sindano kubwa.

"Hodi," akasema Hezron. "Poleni na msiba."

"Asante," akasema mama bila kuinua macho. "Tumeshapoa."

Mkwaruzo ule. Tenga lilimponyoka Hezron likabiringika mpaka miguuni kwa yule mama. Yeye naye alikuwa ameacha kushona, sindano imebaki hewani.

"Sema tena," akasema.

"Niseme nini?"

"Chochote."

Hezron akakohoa pembeni, kwa mazoea. "Usevya, Usevya, Mpanda anaita."

Fausta aliweka gunia chini. Akamtazama kuanzia viatu vyenye tope, na hakuchelewa kufika kichwani.

"Nilidhani utainama mlangoni," akasema.

"Nilidhani umefariki."

"Mimi?"

"Ponsian alisema."

"Ponsian alisema Malkia amefariki."

"Malkia ni wewe. Hewani ni wewe. Na nilimuuliza, amekufa au amefariki, akasema amefariki."

"Nilimwagiza aseme hivyo." Fausta alianza kucheka, kicheko kile kile cha betri kulegea, akafika katikati akaona kitambaa cheusi, akaona mfuko wa unga uliolowa. Kicheko kikaisha. "Nilijua utanisahihisha," akasema taratibu. "Sikuweza kuzungumza mwenyewe jana, nilikuwa nalia. Nikasema, Karani akisikia amefariki atakuja juu, atanipa darasa lake, nami nitapata mtu wa kugombana naye. Nilikuwa nahitaji mtu wa kugombana naye." Akaupokea mfuko wa unga. "Kumbe umekuja kunizika."

"Nilikuja," akasema Hezron.

Alimpeleka nyuma ya ghala. Malkia alikuwa amezikwa chini ya mpapai, na juu ya udongo kulikuwa na ule ungo wake, umefunikwa ili mvua isichimbe. Alikuwa amekufa kwa uzee, akiwa usingizini. Hezron alivua kofia. Alikaa na neno mdomoni, akaligeuza, akalisema.

"Amefariki," akasema. "Pole sana."

Fausta hakusema kwamba ameshinda. Aliitikia kwa kichwa tu, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Wakaingia ndani kunywa chai, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Watu hao wawili walikuwa wamezungumza kwa miaka bila kukaukiwa. Sasa Hezron alisema sentensi moja, Fausta akangoja, kwa sababu hakusikia mwisho wake. Fausta akasema jambo, Hezron akangoja. Halafu wakaanza wote kwa pamoja, wakaacha wote kwa pamoja. Macho nayo yalikuwa hayana pa kukaa. Hezron alitazama sanduku la simu, kubwa kuliko la kwake, na juu yake mahali pasafi, pa duara, palipokuwa pakiwekwa ungo wa Malkia.

Ponsian alikuwa amechaji betri kwenye trekta la misheni. Saa nne simu ikakoroma.

"Usevya, Usevya, Katumba anaita. Ponsian, upo? Ova."

Fausta akabonyeza. "Nyange, Malkia hapa. Nakupata vizuri. Ova."

Upepo ulivuma ndani ya sanduku kwa muda mrefu.

"Malkia yupi? Ova," akasema Cyriaque, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mwenye miguu miwili. Paka ndiye aliyefariki. Ova."

"Yesu wangu. Na Mzee Karani amekwenda kukuzika. Ova."

"Ameshafika. Yuko hapa anakunywa chai. Ova."

"Na ni mrefu? Ova."

Fausta alimgeukia Hezron. Hezron akashika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Kiasi cha kutosha," akasema Fausta. "Ova."

Nje, dereva akapiga honi. Mawingu yalikuwa yamerudi, magunia yameshapakiwa, na alikuwa anasema kwa sauti kwamba anayetaka kulala Usevya mpaka mwezi wa tano abaki. Hezron alisimama. Fausta alimsindikiza mpaka barazani, na pale akaliona tenga.

"Na hili la nini?"

"Nilikuja kumchukua Malkia," akasema Hezron. "Nikakae naye."

Lilimtoka hivyo, kama alivyolibeba tangu Mpanda. Fausta alikuwa ameinama kuliokota tenga. Hakuinuka haraka.

"Malkia yupi?" akauliza.

Honi ikapiga tena. Hezron alifungua mdomo. Kidole gumba chake kilisogea chenyewe, kikatafuta kitufe, kikakuta hewa. Alikuwa amejifunza mambo mengi shule ya jioni, insha, barua rasmi, wingi na umoja, lakini sentensi hiyo haikuwa mahali popote. Utingo alimshika mkono akamvuta juu ya magunia. Lori likang'oka. Fausta alibaki barazani na tenga mkononi, wala hakupunga. Alikuwa amesimama kama anayesikiliza, kama mtu ambaye bado hajaambiwa ova.

Walivuka Sitalike jioni, maji yakipita juu ya mbao. Nyuma yao askari wakaweka gogo barabarani, wakafunga njia.

Usiku kucha Hezron alitunga. Alitunga sentensi yenye mwanzo na mwisho, akaipanga, akaisahihisha. Asubuhi alinawa mikono, akafuta kipaza sauti, akakohoa. Karani alikuwa amelala mahali pake. Mvua ilikuwa imeanza tena kwenye mabati.

"Malkia, Malkia, Karani hapa. Ova."

"Nakupata, Karani. Umefika salama? Ova."

"Nimefika. Jana uliuliza swali. Ova."

"Niliuliza. Ova."

Vituo vyote vilikuwa hewani; Hezron alisikia jinsi kimya chao kilivyokuwa kizito. Akaitafuta sentensi yake, akaikosa yote, mwanzo na mwisho.

"Aliye hai," akasema. "Ova."

Upepo ukavuma. Akaingia Hilari wa Inyonga. "Samahani, nani aliye hai? Maana mimi niliambiwa..."

"Inyonga, toka hewani," akasema Cyriaque. "Ova."

Upepo tena. Hezron alitazama kitambaa cheusi kilichokuwa bado mkononi, akaanza kukifungua kwa vidole vya mkono mmoja, asiweze. Hatimaye mkwaruzo ule ukaja, karibu kabisa na kipaza sauti.

"Tenga lako nimelitazama, Karani. Ni dogo. Itabidi uje na lori. Ova."

Fundo likafunguka, kitambaa kikaanguka sakafuni. Alitaka kusema mengi. Akasema lililokuwa mbele yake.

"Barabara imefungwa. Haifunguki mpaka mvua ziishe. Ova."

"Najua. Siku ya Paka uko kwenye orodha yangu. Usije ukahesabu magunia. Ova."

"Sihesabu. Ova."

Hapo ilipasa mmoja aseme auti. Fausta hakusema, na Hezron hakusema. Kikasikika kitufe cha Usevya kikibonyezwa na kushikiliwa bila neno, kama siku ya sikukuu. Njiwa walikuwepo. Mtu alikuwa anatwanga. Na mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na Hezron aliinamisha sikio mpaka likagusa sanduku, asijue kama ni bati la Mpanda au la Usevya. Karani aliinua kichwa, akasikiliza naye, kisha akasogea kidogo kumpisha.